Tundu Shingoni, Nyufa Dirishani

Nawaandikia nyinyi mliotolewa kongomeo, kisanduku cha sauti, mkaachiwa tundu shingoni, na nyinyi mnaolala chumba kimoja na mtu wa namna hiyo. Madaktari wana vitabu vyao na sina nia ya kushindana nao. Mimi nilikuwa dalali wa magari ya mtumba hapa Dubai miaka ishirini na mbili, na kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. Nataka kuwaambia namna ya kuvuka msimu wa baridi ndani ya fleti inayovuja upepo, kwa sababu mimi niliuvuka vibaya, na kwa kosa langu mwenyewe.

Na kabla hujacheka: ndiyo, Dubai kuna baridi. Ndugu zangu wa Mombasa nikiwaambia hivyo huangua kicheko. Waje walale kwangu Oud Metha, ghorofa ya saba, mwezi wa Januari. Majengo haya yalijengwa kupigana na jua. Sakafu ni ya vigae, vioo ni vyembamba, na madirisha ya alumini ya kusukuma yamezeeka hata hayakutani tena. Halafu kuna AC ya jengo zima, ambayo hakuna mpangaji anayeweza kuizima, inapuliza hewa kavu toka darini mchana na usiku. Mzima anavaa sweta, basi. Mimi sikuwa mzima.

Sauti yangu ilianza kukwaruza baada ya Idi. Nikasema ni vumbi la yadi. Nikasema ni maji ya baridi. Zulfa, mke wangu, akaniambia, "Baba Swabra, nenda kwa daktari. Unazungumza kama mtu aliyemeza msumeno."

Nikamjibu kuwa wateja wananipenda hivyo hivyo. Miezi mitano nikanywa asali na tangawizi, nikatafuna karafuu, nikajidanganya. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kilikuja siku niliposhindwa kumeza tonge la wali mbele ya mwanangu. Swabra ndiye mtoto wetu wa pekee. Anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, mtaa wa pili kutoka kwetu. Hakuniuliza wala hakunibembeleza. Alinivalisha viatu akanipeleka.

Saratani. Walinikata wakati joto la nje bado linachoma kope.

Nilipozinduka nilitaka kumwita Zulfa. Mdomo ukafunguka, ulimi ukacheza, na hakikutoka kitu. Upepo ulitokea shingoni, fsss, ukanipulizia kola ya gauni la hospitali. Nililia, na hata kulia kwenyewe hakukuwa na sauti. Mwuguzi wa Kihindi aliyekuwa akinihudumia akanigusa pua, akaniambia kwa Kiarabu cha kuungaunga, "Hii khalas, imekwisha, baba." Akanionyesha tundu. "Sasa hapa ndiyo pua."

Nilikuwa sijui pua inafanya kazi gani mpaka nilipoikosa. Nilidhani ni ya kunusia na kubebea miwani. Kumbe kila pumzi ikipita puani hupashwa moto na kuloweshwa kabla haijafika kifuani. Sasa pumzi yangu inaingia moja kwa moja, baridi kama ilivyo, kavu kama ilivyo. Kohozi linakauka ndani ya bomba la pumzi na kuganda kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Ukoko ukiziba bomba, mtu anakufa akiwa amekaa kwenye sofa yake mwenyewe.

Daktari alituita sote watatu akatueleza mpango. Kwanza mionzi, wiki sita. Halafu nipumzike kifua kiwe safi. Kifua kikikaa safi mpaka katikati ya baridi, ataniwekea kidude kidogo ndani ya tundu, nami nikiliziba kwa kidole nitaweza kusema tena. Sauti itakuwa nzito, ya kukoroma, alisema, lakini itakuwa sauti. Kifua kikichafuka, hakuna kidude.

Swabra akauliza, "Kabla ya Ramadhani?"

"Inshallah," daktari akasema.

Swabra alikuwa ameshaposwa, na nikahi ilikuwa imepangwa Shaabani, kabla ya mwezi mtukufu. Mkwe mtarajiwa ni kijana wa familia ya Kizanzibari ya zamani, waliokaa Mirdif tangu babu yao. Na baba ndiye anayemtamkia bwana harusi: nimekuozesha binti yangu. Maneno matatu. Mimi hapa Dubai nimeyatamka mara nyingi kwa niaba ya watu wengine, wasichana wa Mombasa na Tanga na Jinja ambao baba zao wako nyumbani kwenye simu. Kuyatamka kwa ajili ya mwanangu mmoja tu ndiko nilikokuwa nakutaka. Sikutaka kingine, wallahi. Hata kupona sikukuwaza sana. Nilitaka kutamka.

Mionzi nayo. Chumba cha kungojea kilikuwa chini ya ardhi, baridi kama friji ya nyama. Kila mtu ana barakoa yake ya plastiki yenye matundu, imefinyangwa kwa sura yake, imetundikwa ukutani na namba. Ukikaa pale unaona sura yako mwenyewe inakutazama kutoka kwenye ndoano. Wiki ya kwanza niliona si kitu. Wiki ya tatu shingo ikawa nyeusi kama chungu, ndevu za chini ya kidevu zikadondoka kwenye mto, mate yakakauka. Wiki ya tano nilikuwa nakunywa uji kwa kijiko cha mtoto na kumchukia kila mtu anayetafuna.

Pale ndipo nilipokutana na mzee mmoja wa Kiarabu, mwenyeji wa hapa, naye ana tundu kama langu. Tulikuwa mabubu wawili. Siku moja aliniona nakohoa mpaka machozi. Akachomoa leso mfukoni, akaitia maji ya chupa, akaikamua, akaifunga mbele ya tundu langu kama mama anavyomfunga mtoto kitambaa cha kulia uji. Nikavuta pumzi. Ilikuwa laini! Mara ya kwanza tangu kukatwa nilivuta pumzi bila kuumia. Nilitaka kumbusu. Baada ya siku kumi barakoa yake haikuwa tena ukutani.

Nyumbani tulikuwa tunagombana. Nasema hivi kwa sababu vijitabu vya hospitali havisemi. Kugombana na mkeo kwa ubao mdogo wa kuandikia ni adhabu. Ukimaliza kuandika hoja yako, yeye ameshaosha vyombo. Nilikuwa nikitaka kitu napiga makofi, na siku moja Zulfa akageuka akasema, "Mimi si kuku wa kuitwa kwa makofi!" Anapika kwenye jiko la shule, anaamka alfajiri, na mimi nakohoa usiku kucha kwa mlio wa pampu. Akahamia sofani. Nilikohoa siku moja kitambaa kikatoka, kohozi likamrukia kifuani akiwa amevaa gauni la kazini. Alienda bafuni akakaa huko muda mrefu, nami nikakaa kitandani nikitamani ningekufa mezani kwa daktari.

Na mengine madogomadogo. Huwezi kupuliza chai ipoe. Huwezi kubeba ndoo, maana mtu hubeba kwa kubana pumzi, na yangu haibaniki. Chooni vile vile, tusifichane. Na hunusi. Hewa haipiti puani, basi harufu haiji. Kitunguu, bahari, jasho la mkeo, vyote vimekwenda. Hili la kunusa likumbukeni, ndilo lililoniangamiza.

Mionzi ya mwisho ilikwisha, ukungu wa asubuhi ukaanza, na baridi ikaingia ndani kwetu kwa miguu yake.

Wiki ya kwanza ya upepo wa jangwani bomba la pumzi liliziba mara mbili. Mara ya pili Swabra alinitoa ukoko kwa koleo ndogo ya hospitali, kipande kikubwa kama ganda la ukwaju. Alikitazama kwenye tishu. Akasema, "Baba, tutaifunga nyumba hii kama kopo."

Aliyetusaidia ni Wasswa, mlinzi wa jengo, Mganda wa miaka arobaini hivi, Mkristo, mtu mpole mwenye mwili wa mlango. Alipanda na kuwasha mshumaa, akaupitisha polepole pembezoni mwa dirisha. Kila mahali moto ulipoyumba, alitia alama kwa kalamu.

"Mzee Omari," akaniambia, "hii dirisha ilikufa kitambo. Hewa inaingia tu kama iko kwao."

Nendeni mkafanye hivyo hivyo, mshumaa hausemi uongo. Tulikuta nyufa kumi na tisa. Wasswa alileta sponji ya kubandika, tukaisokomeza kwenye reli za madirisha. Juu ya kioo tukabandika ile plastiki ya mapovu wanayofungia fanicha, nayo hushika joto vizuri na mwanga hupita. Chini ya mlango wa nje Zulfa alishona mfuko mrefu wa kanga kuukuu akaujaza mchanga. Tundu la AC la chumbani tukalifunika kwa boksi na gundi ya karatasi. Sakafuni tukatandika mikeka, na juu ya mikeka mablanketi.

Joto likapatikana. Lakini joto peke yake ni adui mwingine. Tulinunua hita ya umeme, na usiku wa kwanza ikanikausha koo kuliko upepo. Swabra akaleta kipimo kidogo cha unyevu, kama saa ya mezani. Kilisoma asilimia ishirini na sita. Nikaanza kuishi kwa kile kipimo. Beseni la maji mbele ya hita. Taulo mbili zilizoloweshwa zimetundikwa kwenye kamba kando ya kitanda. Mashine ya kutoa mvuke, yenye maji yaliyochemshwa na kupoa, ioshwe kila siku, usiwe mvivu. Asubuhi bafuni: mlango unafungwa, maji ya moto yanafunguliwa, mimi nimekaa kwenye stuli dakika ishirini mpaka kioo kinapotea. Ukoko ukilainika unatoka wenyewe.

Nikavuka mpaka upande wa pili, kama kawaida yangu. Nikataka unyevu zaidi na zaidi. Kipimo kikafika sabini, kuta zikalia, na nyuma ya kabati likaota kuvu jeusi. Wasswa alilinusa akakunja uso. "Hii itakula mapafu yako, ssebo," akasema, yaani bwana kwa Kiganda. Basi tukajifunza kati ya arobaini na hamsini, tukawa tunafungua dirisha moja saa sita mchana jua likiwa limekaa, nusu saa, na mimi nakwenda chumba kingine.

Mle bafuni, kwenye mvuke, nilikuwa najizoeza. Naziba tundu kwa kidole kama nilivyoonyeshwa na mwuguzi, na kwa midomo tu natengeneza maneno. Nimekuozesha binti yangu Swabra. Kila asubuhi. Kwenye mvuke hakuna anayekuona.

Wiki tatu kifua kilikuwa safi. Daktari akasikiliza mgongo, akatabasamu, akapanga siku ya kidude. Zulfa akarudi kitandani. Usiku ule alinilaza mkono begani akasema, "Tumekaribia, mume wangu." Nilikuwa na furaha, nawaambia kweli. Nilikuwa mjinga mwenye furaha.

Siku sita kabla ya kidude, wakwe wakasema wanakuja kututembelea. Bwana Nassor, baba wa kijana, na mkewe, na mashangazi wawili. Hawakuwahi kufika kwetu tangu nikatwe.

Nikaitazama nyumba. Plastiki madirishani, taulo kwenye kamba, mabeseni, mashine ya kufyonza makohozi. Na mimi, mwenye tundu. Nilimwandikia Swabra: NANUKA?

"Hunuki, baba."

Alijibu haraka mno. Mtu asiyenusa hana hakimu, anategemea huruma za watu, na huruma hudanganya. Nilikumbuka jinsi Wasswa alivyokunja uso. Nilijinusisha mkono, nguo, mto, kama mwendawazimu, na pua iko pale pale, pambo tu. Nikamwandikia Zulfa: CHOMA UDI.

Akasoma. "Moshi marufuku, unajua."

MWINGI, nikaandika. Nikapiga mstari.

"Baba Swabra, wale ni wakwe, si malaika. Wanajua unaumwa."

Nikaandika kwa kalamu mpaka ubao ukalia: WAPWANI GANI WANAPOKEA WAKWE NYUMBA INANUKA MAKOHOZI?

Hapo nilimpata, maana yeye naye ni wa Pwani. Mama yake alikuwa hamwachi mgeni avuke kizingiti kabla chetezo cha udi hakijazunguka nyumba nzima. Tukapatana: atafukiza mapema, mimi nitakaa chumbani na taulo la maji chini ya mlango, moshi ukitoka nje ndipo nitokeze. Siku ya wageni akawasha kaa, akaweka udi, akafukiza sebule, mapazia, mito, mashuka. Swabra alikuwa kazini. Angekuwepo angekitupa chetezo dirishani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi nilikuwa nimeziba nyufa zote kumi na tisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza moshi utatokea wapi.

Wageni walipofika nikatoka. Niliona ukungu mwembamba chini ya taa, nikajiambia umekwisha. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na kitambaa kipya shingoni. Kifua kikawasha kidogo. Nikakaza. Tukakaa, wakaniuliza hali, nikaandika alhamdulillahi, wakacheka kwa mwandiko wangu mzuri. Mambo yalikuwa mazuri, jamani. Bwana Nassor ni mtu mcheshi, mwenye Kiunguja kitamu.

Halafu Zulfa akaleta halua na kahawa, na baada ya kahawa mke wa Bwana Nassor akatoa kwenye mkoba kijaluba cha udi. "Huu wa nyumbani kwetu, nimekuchukulieni," akasema. Akaweka kipande kwenye kaa, nacho chetezo kikaanza kuzunguka kwa wageni, kama ada. Mashangazi wakafukiza mitandio, Bwana Nassor ndevu na mikono ya kanzu. Zulfa alikuwa jikoni na vikombe. Bwana Nassor akakishika kwa mikono miwili, akainuka, akanijia mimi mwenye nyumba, heshima kubwa.

"Jifukize, yakhe," akasema.

Nimefanya hivyo mara elfu moja maishani. Mkono unafanya wenyewe. Unapokea chetezo, unakiinua chini ya kidevu, unafunua kitambaa kidogo moshi uingie ndani ya nguo, unainama, na unavuta pumzi ndefu. Nikapokea. Nikafunua kitambaa. Nikainama. Nikavuta.

Moshi wa kaa na udi uliingia tunduni wote, moja kwa moja mpaka chini. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka Zulfa akipiga ukelele, na Bwana Nassor akisema, "Nimemfanya nini? Nimemfanya nini?" Nakumbuka Wasswa, aliyeitwa mbio kutoka chini, akipasua ile plastiki ya dirisha kwa mikono, na baridi yote tuliyoifungia nje ikaingia.

Nililazwa wiki mbili na siku mbili. Mapafu yakashika moto, kisha yakajaa usaha. Siku ya kidude ilipita nikiwa nimefungwa mashine. Sina la kusimulia juu ya siku zile isipokuwa kiu, na mkono wa Swabra uliokuwa ukinilowesha midomo kwa pamba.

Zulfa alikuja siku ya nne akasimama miguuni pa kitanda. "Ni mimi niliyewasha kaa," akasema. Nikaomba ubao. NI MIMI NILIYEPIGA MSTARI. Akaufuta kwa kiganja, akakaa, akalia mpaka muda wa wageni ukaisha. Bwana Nassor naye alikuja kila siku, anakaa kwenye benchi la nje, hathubutu kuingia. Sijawahi kumweleza kwamba ningeweza kutikisa kichwa na kukataa. Ningetikisa tu kichwa!

Daktari alitazama ndani ya tundu kwa kamera. Ukuta wa tundu, alisema, umechubuka, na ngozi iliyopigwa mionzi haiponi upesi, pengine haiponi kabisa. Kidude hakitakaa. Nikaandika: LINI? Akavuta kiti. Daktari akivuta kiti, ujue kuna jambo. Picha ya kifua ilionyesha doa kwenye pafu la kushoto, na doa hilo halikutoka na usaha.

Nilimwonyesha Zulfa karatasi ya majibu, na mdogo wangu Abudi kwa simu. Swabra sikumwonyesha.

Yeye alikuja na shauri lake. "Tuahirishe, baba. Baada ya Idi. Hata baada ya mwaka. Mimi sina haraka, nitangoja mpaka useme."

Alikuwa amepiga magoti kando ya kiti changu, kule nyumbani, taulo zimerudi kwenye kamba na Wasswa ameshabandika plastiki mpya. Kipimo kilisoma arobaini na nne. Nikaandika: SHAABANI. Akaanza kubisha. Nikaandika tena, na safari hii sikupiga mstari, maana nimeacha tabia hiyo. Alinitazama sana. Ni mtoto mwerevu. Akasema tu, "Haya, baba."

Kwa hiyo, wenzangu, haya ndiyo niliyo nayo. Ziba nyufa, lakini acha dirisha moja linalofunguka. Joto liende na maji, maji yaende na kipimo. Kaa la moto lisivuke mlango wako, liwe la kupikia, la kuotea moto au la kufukizia. Lala na leso mbichi. Na mgeni akikuletea chetezo, hata awe nani, mrudishie. Aibu ya dakika moja itapita. Nilifanya yote sawa miezi miwili na kosa moja dakika moja, na sina wa kumlaumu.

Nikahi ilifanyika nyumbani kwa Bwana Nassor, Mirdif, baada ya Alasiri. Hakuna aliyechoma udi. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi, pazia limeshushwa. Abudi alikuwa amefika kutoka Mombasa siku moja kabla. Nilikuwa nimeandika karatasi ya kumfanya wakili wangu, nimeitia sahihi, na sheikh wa nikahi aliisoma kwa mashahidi akasema inatosha, sheria haina tatizo na bubu.

Halafu akanigeukia kwa upole. "Omari bin Athman. Umemfanya ndugu yako wakili wako, amuoze binti yako?"

Kilichotakiwa ni kichwa kuitika. Nilinyanyua mkono kumwomba asubiri. Nikasogeza kitambaa. Nikaziba tundu kwa kidole, nikamtazama yule kijana machoni, nikatamka maneno yote, taratibu, kila herufi, kama bafuni. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wananingojea. Nilikuwa najua hakitatoka kitu. Hakikutoka kitu. Pumzi ikaniishia, nikaondoa kidole, nikakohoa, nikaitika kwa kichwa.

Abudi akasafisha koo akamuoza mwanangu. Kijana akajibu amekubali. Pazia likatikisika kwa vigelegele.

Kule ndani Swabra alimshika mama yake akamwuliza, "Baba amesema?" Zulfa ndiye aliyenihadithia. Alimjibu, "Amesema."

Walipomleta kunisalimia, alikuwa na wanja umechuruzika mpaka kidevuni. Akanibusu mkono, akaweka kichwa chake gotini kwangu, akasema, "Nimekusikia, baba."

Hakunisikia. Nami sikumsahihisha.